Posti ya kiti ikiganda kwenye fremu ya titani: joto lipi linasaidia, lipi linaharibu

Titani ya baiskeli haidhuriwi na jua, maji yanayochemka wala mashine ya kukaushia nywele. Fremu nyingi hutengenezwa kwa aloi yenye asilimia 3 ya alumini na 2.5 ya vanadi, na bolti nyingi kwa ile yenye 6 ya alumini na 4 ya vanadi. Zote mbili hazitetereki kwa nyuzi 100 za Selsiasi, wala 200. Titani huanza kuathirika inapofika mamia kadhaa ya nyuzi hewani, kwa sababu hapo inanyonya oksijeni na nitrojeni, kisha inakuwa kavu na rahisi kupasuka. Ndiyo maana mchomeleaji huifunika kwa gesi ya agoni mpaka kiungo kishuke chini ya nyuzi 430 hivi.

Kinachoharibika mapema ni vile vilivyoshikana nayo. Aloi ya alumini iitwayo 7075 hukomazwa kiwandani (hupashwa ili iwe imara) kwenye nyuzi 120 hivi. Ikikaa juu ya hapo kwa muda, nguvu zake zinashuka. Gundi ya epoksi ndani ya vipuri vya kaboni hulainika, sili za mpira hukakamaa, grisi ya beringi huyeyuka na kutoka. Kwa hiyo ukomo wa kazi ni nyuzi 100, na penye kaboni usizidi 60. Birika ni kifaa kizuri kuliko tochi ya gesi kwa sababu moja tu: maji yake hayawezi kuvuka 100. Bunduki ya hewa ya moto hupita 500 mdomoni, na titani hupitisha joto vibaya sana, takribani mara ishirini chini ya alumini. Sehemu moja inaungua huku sentimita kumi pembeni unaweza kuishika kwa mkono.

Sasa posti yenyewe, ile nguzo inayobeba kiti na kuingia ndani ya fremu. Alumini hutanuka karibu mara mbili na nusu zaidi ya titani, kwa hiyo ukiipasha posti ya alumini ikiwa ndani ya fremu ya titani, inajikaza. Wengi hukosea hapa: wanapasha, wanavuta ikiwa bado moto, haitoki, wanaongeza moto. Unachohitaji ni baridi. Posti ya milimita 27.2 ikipoa kwa nyuzi 50 husinyaa milimita 0.031, na tundu la fremu milimita 0.012. Tofauti ni 0.02. Ni kidogo, lakini inatosha kuvunja ule unga mweupe wa kutu ya alumini uliojaa katikati, hasa kwa baiskeli iliyokaa hewa ya chumvi ya pwani au iliyolowa jasho.

Anza kwa kutoa kiti, chupa na klampu ya posti. Weka alama ya kalamu posti inapoingilia, ili uone hata ikisogea nusu milimita. Toa beringi za kranki (mikono ya pedali), pindua fremu juu chini, mimina mafuta ya kupenyeza kupitia hapo ndani ya bomba la kiti (bomba la fremu ambamo posti huingia), uache usiku kucha. Kesho yake zungushia kitambaa sehemu ya fremu inayoshika posti, mwagia lita moja ya maji yaliyochemka, subiri dakika mbili, kisha weka barafu iliyopondwa kwenye posti inayochomoza. Rudia mara tatu au nne. Lengo la maji ya moto ni kuitikisa ile kutu. Nguvu utaitumia posti ikiwa baridi.

Bana kichwa cha posti kwenye jiliwa (hesabu kwamba posti hiyo hutaitumia tena), shika fremu karibu na bomba la kiti, uizungushe kushoto na kulia. Usivute kwanza. Usitumie magurudumu wala mabomba membamba ya nyuma kama wenzo, yanapinda. Ikishaanza kuzunguka, ongeza mafuta na uvute huku ukizungusha.

Bolti ya titani iliyokwama ndani ya alumini, kwa mfano kwenye stemu (kipande kinachoshika usukani), inataka kinyume chake: pasha alumini, nayo itaiachia bolti. Maji ya moto kwa dakika chache, kisha ufunguo ulioingia mpaka mwisho. Ufunguo ukiteleza, simama, kwa maana tundu la kichwa cha bolti likishakuwa duara inabaki kutoboa tu. Chips za titani (vipande vyembamba vinavyotoka ukitoboa) hushika moto kirahisi, kwa hiyo toboa polepole, tumia mafuta ya kukatia, na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Maji hayafai kuuzima moto huo.

Kabla ya joto lolote, ondoa chumvi pamoja na mabaki ya vimumunyisho vyenye klorini. Kwenye nyuzi 260 na zaidi chumvi huipasua titani iliyo chini ya mkazo. Hutafika huko kwa birika, lakini kwa tochi utafika.

Ukinunua fremu iliyotumika, tazama rangi karibu na posti. Manjano ya majani makavu ni ngozi nyembamba ya oksaidi, haina neno. Zambarau na buluu zinasema mtu alileta moto: uliza. Kijivu kilichofifia au ukoko mweupe unaobanduka, iache fremu hiyo. Msasa utaondoa rangi, oksijeni iliyozama itabaki.

Posti mpya iingie na grisi ya kuzuia kugandana, na itolewe kupakwa upya kila miezi mitatu kama unaishi pwani.