Mvua ya Novemba haijafika, ila korongo ulishughulikie sasa hivi

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa nyie wenye mashamba kwenye miinuko ya Kasulu, Buhigwe mpaka Kalinzi, najua huu ni mwezi wa nane vumbi linatimka na hakuna anaewaza mmomonyoko. Mimi ndo nawaza, maana mwaka juzi nilitengeneza korongo jipya kwa mikono yangu mwenyewe nikidhani nazuia la zamani.

Ilikuwa hivi, niliona kakorongo kanaanza kwenye maharage yangu nikachukua vijana wawili tukachimba mtaro wa kukinga maji kwa kukadiria na macho tu. Macho yanadanganya jamani. Mtaro ukalalia upande mmoja, mvua kubwa ya kwanza maji yote yakakimbilia kwenye kona moja, yakapasua tuta, yakashuka kwa jirani. Asubuhi namkuta mzee kasimama kwenye maharage yake yaliyofukiwa na tope, nikasema shikamoo mzee, akajibu marahaba mwanangu, umeniletea mto.

Kwahiyo kabla ya jembe tengeneza fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, haina gharama. Fito mbili ndefu zinazolingana unazifunga juu, ya tatu unaikatisha katikati ikae kama herufi A, alafu juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe popote, weka alama kamba inapogusa fito ya kulala, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi pale pale, weka alama ya pili, katikati ya hizo mbili ndo usawa wenyewe. Hapo unatembea nayo shamba zima, kamba ikikaa kwenye hiyo alama ya katikati unachomeka kijiti mguu unapotua, na mtaro unachimba kufuata vijiti. Mstari utapinda pinda, usije ukaunyoosha eti upendeze, huko kupinda ndo kazi yenyewe.

Lingine, panda juu ujue maji yanatoka wapi. La kwangu lilikuwa linaanzia kwenye kalavati, waliochonga barabara waliyakusanya maji yote kwenye mdomo mmoja wakaondoka zao. Na hapa ndo pagumu kuliko kuchimba, maana shamba la juu yangu anaelima kakodi msimu mmoja na mwenyewe yuko Dar, sasa nani apande nyasi za miaka 10 kwenye shamba la kukodi? Mpigie simu mwenye shamba mapema, nenda na mtendaji wa kijiji, kubalianeni maji yatokee wapi. Msiende kibabe. Kwenye milima ya Uluguru kule Morogoro mwaka 1955 watu waligoma kuchimba matuta ya lazima ya mkoloni mpaka zikatokea ghasia, na wazee wengi bado wakisikia neno matuta wanakunja uso.

Kupima udongo unaopotea nako kuna mambo yake. Udongo ukipungua milimita 1 tu kwenye ekari nzima ni kama tani 5, yaani magunia 50 ya kilo 100, na kwa macho hutaona chochote! Njia ya kienyeji ni msumari wa inchi 6 uliopitishwa kwenye kizibo cha soda, unaupigilia mpaka kizibo kigusane na ardhi na kichwa kibaki juu kidogo, udongo ukiondoka kizibo kinashuka na wewe unapima nafasi. Nilipiga 12 nikakuta 5, iliyobaki watoto walishang'oa wakauza chuma chakavu. Siku hizi natumia vigingi vya mianzi, alama nachora kwa kisu usawa wa ardhi. Na usihukumu kwa msimu mmoja, mvua moja ya nusu saa iliyoshuka kwa hasira inaweza kubeba udongo kuliko wiki nzima ya manyunyu, kwahiyo mwaka ukiwa mpole utadhani umepona.

Kama korongo limeshafunguka acha kulijaza takataka, maji yanazunguka pembeni na kulipanua. Weka vizuizi vya mawe au fito kuanzia juu, katikati viwe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, ncha zake uzizamishe kwenye kingo, na kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa cha juu yake. Ukiwa karibu na mto kumbuka sheria ya mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala inayoharibu mazingira. Udongo wetu ukishaingia mto Luiche unaishia ziwani Tanganyika, unafunika mawe ya ufukweni ambako samaki wa mawe wanakula na kuzalia.

Mwisho ni mbegu. Mabingobingo na vetiva, nyasi za kushika udongo, hupandwa mvua za mwanzo tu zikianguka, ila vipande uvitafute sasa maana Novemba kila mtu atavitaka. Na kuhusu mbuzi, ongea na mwenye mbuzi kabla hujapanda. Mimi mabingobingo ninayo kwenye mtaro wa chini, nusu tayari nimemwahidi yule mzee.