Maji ya farasi safarini, kutoka Nakuru mpaka Kisumu

Kuna masaisi, yaani watunza farasi, na madereva wengi tu huku kwetu wanaamini farasi akipandishwa trela lazima anyimwe maji usiku mzima wa kuamkia safari, eti asikojoe njiani. Tafadhali achaneni na hiyo tabia, inaumiza wanyama. Farasi wa kilo 450 hivi hunywa lita 25 mpaka 45 kwa siku, kukiwa na joto anapita hapo, na kwenye trela hata kama unaona amesimama tu yuko kazini, kila kona na kila breki lazima akaze misuli asianguke, jasho linamtoka, sasa ukitoka naye nyumbani akiwa amekauka hapo Salgaa tu, hata hujafika mbali, tayari uko na shida. Mambo ya mkojo yanatatuliwa na maranda. Mwaga ya kutosha sakafuni ndio asiteleze na mkojo usimrukie miguuni, juu farasi wengine hujizuia kabisa wakisimama kwenye sakafu tupu.

Kazi yenyewe inaanza siku tatu nne kabla ya safari. Farasi hunusa maji kabla hajanywa na akisikia harufu asiyoijua anaweza kukataa hata kama ana kiu. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi na chumvichumvi, ya mfereji mjini yana klorini, na yule aliyezoea haya hatakubali yale ati kwa sababu wewe umesimamisha gari na una haraka. Kwa hivyo beba maji ya nyumbani. Kama safari ni ndefu sana na huwezi kubeba yote, basi mzoeshe ladha: weka molasi vijiko viwili vitatu kwa ndoo ya lita 20, kila siku mpaka siku ya kuondoka, alafu njiani unaweka hiyo hiyo kwa maji yoyote unayopata. Ndoo ya maji matupu iwe hapo kando kila mara, achague mwenyewe. Farasi mnene ama aliyewahi kuugua kwato kwa sababu ya chakula, huyo molasi usimpe.

Hizo siku pia mtilie chumvi ya kawaida kwa pumba, kijiko kimoja kikubwa ama viwili kwa siku, itamvuta anywe. Lakini farasi ambaye hanywi usimwongezee chumvi wala madawa ya chumvichumvi, hapo unazidi kumkausha.

Mitungi sasa. Hesabu miwili ama mitatu ya lita 20 kwa kila farasi, na ukumbuke lita moja ni kilo moja, farasi wawili na mitungi sita ni kilo 120 za ziada, zifunge vizuri zisitembee. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya kupika, sabuni ama dizeli usiutumie, harufu haitoki hata uoshe vipi. Na kila farasi awe na ndoo yake. Ndoo moja ya kuzungushwa ndiyo inasambaza homa na mafua kwa wote.

Ondokeni alfajiri. Kuanzia Mau Summit, Londiani mpaka Kericho ni juu milimani, ni baridi na farasi wengi hawatataka maji, sasa dereva anajiambia huyu yuko sawa, alafu mnateremka Awasi na Ahero jua limepanda na trela inakuwa moto ndani, na huko ndiko anahitaji kile alichokataa juu. Simama kila saa tatu, usizidishe nne, mahali pana kivuli na nafasi ya kutosha, si pembeni ya barabara malori yakipita. Usimshushe, mpe akiwa ndani. Zima injini, fungua madirisha, ukae dakika kumi hivi bila kelele ndio umpe ndoo, juu akiwa na wasiwasi hatanywa. Akikataa ngoja kidogo umpe tena. Legeza kamba aweze kuinamisha kichwa, farasi aliyefungwa kichwa juu masaa mengi hawezi kutoa makohozi na vumbi, na hapo ndipo nimonia ya safari inapoanzia. Ndoo usiiache ndani gari likitembea.

Nyasi zake ziloweke kwenye pipa kabla ya kuzifunga kwenye wavu wake wa nyasi ndani ya trela, zitabeba maji mengi na vumbi litapungua. Kwa maoni yangu hii ndiyo inasaidia kuliko zote kwa farasi msumbufu, anakula na huku anakunywa bila kujua.

Kwa kila kituo mwangalie. Bonyeza ufizi kwa kidole, ile alama nyeupe irudi kuwa ya waridi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uwe na mate, si mkavu wa kunata. Vuta ngozi ya bega, ikikawia kurudi amekauka. Mavi madogo magumu ama hakuna kabisa, mkojo mweusi, anajitazama ubavuni ama anakwaruza sakafu, hizo ni dalili za maumivu ya tumbo ama kukauka sana, piga simu kwa daktari wa mifugo papo hapo. Kamwe usimmiminie maji mdomoni kwa chupa, yataingia kwa mapafu. Daktari ana mpira wa kupitisha puani mpaka tumboni, hiyo kazi mwachie yeye.

Mkifika Kisumu maji yawe kitu cha kwanza, hata kama bado ana jasho, ile hadithi ya kumnyima mpaka apoe isahau. Yale ya nyumbani yaliyobaki changanya nusu kwa nusu na ya huko, upunguze polepole siku mbili tatu. Alafu nyasi. Nafaka ingoje mpaka awe amekunywa vizuri na ametoa mavi laini, hata kama mwenye farasi amesimama hapo na debe la shayiri mkononi.