Namna ya kumpima mchezaji wa chuo kabla ya drafti ya NBA

Drafti ni zoezi ambalo timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji chipukizi. Anza na umri. Kijana wa miaka 19 mwenye wastani wa pointi 15 ana thamani kuliko wa miaka 23 mwenye takwimu hizohizo. Huyu wa pili anacheza na wadogo zake. Asilimia ya pointi tatu isikudanganye: msimu mmoja wa chuo una mitupo michache mno, na mstari wa pointi tatu wa chuo uko mita 6.75, wa NBA mita 7.24 mbele ya kikapu. Mitupo huru huonyesha mkono wake vizuri zaidi.

Kisha rudia video bila kuufuata mpira. Akiwa analinda na kuwekewa skrini, yaani mpinzani akisimama kumzibia njia, anapenya na kuendelea kumfuata mtu wake au anakwama na kumwachia mwenzake kazi? Hapo ndipo wengi huanguka. Pima pia upana wa mikono iliyonyooshwa, si kimo pekee.