Namna ya Kuchora Ghuba ya Mikindani Mvua za Kwanza Zinaponyesha

Pwani ya Mtwara haina majira ya machipuko kama ya nchi za kaskazini, lakini ina majuma machache yanayokaribiana nayo: mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, mvua za kwanza zinapoosha vumbi la kiangazi na mibuyu iliyokaa mitupu kwa miezi inapoanza kuchipua. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuchora mandhari ya wakati huo kwa rangi za maji, nikichukua mfano wa Mikindani, mji mkongwe ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, mtulivu kama kijiji, wenye ghuba iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote.

Chagua siku ya maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo. Ukienda wakati wa bamvua, mashua uliyoanza kuichora ikielea utaikuta imelala ubavu kwenye tope kabla hujaimaliza. Uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na uketi chini ya mti, kwa kuwa karatasi nyeupe ikipigwa na jua huumiza macho na kukupotosha katika kupima rangi. Baada ya saa mbili hivi vivuli huwa vimefupika na kuta zimepoteza umbo lake.

Vifaa ni vichache: karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, brashi pana, brashi ya mviringo yenye ncha, sahani nyeupe na mikebe miwili ya maji. Rangi nne zinatosha, yaani buluu ya altramarini, manjano ya udongo, kahawia nyekundu na nyekundu. Kijani cha dukani kiache, kwani kijani cha majani machanga ya mbuyu hupatikana vizuri zaidi kwa kuchanganya buluu na manjano ya udongo. Buluu na kahawia nyekundu hukupa kijivu cha mawingu na cha vivuli.

Kwa penseli, weka ukingo wa maji kwenye theluthi ya chini, kisha onyesha kwa mistari hafifu nyumba za mawe ya matumbawe, mapaa na kilima cha nyuma. Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 huvuta macho mno. Mimi hulifanya doa jepesi tu lililozama katika miti. Lowanisha anga yote, paka buluu juu, uipunguze kadiri unavyoshuka, na karibu na kilima uongeze manjano ya udongo kidogo ili ule unyevu wa hewa baada ya mvua uonekane.

Sehemu inayofuata ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Ili picha itulie, mwanga na giza lazima vikaribiane: finya macho uitazame, na kama mapaa, miti na maji havijaanza kuyeyukiana, umezidisha rangi mahali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipata uhai wa picha zake kwa rangi kali za kung'aa, na ninauheshimu sana mtindo huo, ila asubuhi ya ghuba haiubebi. Weupe wa chokaa ukutani uwe karatasi yenyewe isiyoguswa. Giza kubwa liwe mahali pamoja tu, chini ya tumbo la mashua, na nyekundu safi iwe kwenye kanga ya mtu mmoja anayetembea ufukoni.

Taswira za majini zishushe wima, moja kwa moja chini ya vitu vyake, karatasi ikiwa bado na unyevu. Kumbuka kwamba ukuta mweupe huonekana majini umefifia kidogo, ilhali mashua nyeusi huonekana majini nyepesi kuliko ilivyo.

Unyevu wa Desemba hukawiza rangi kukauka, nawe usiharakishe kwa kuianika juani, maana karatasi itajikunja. Ilaze juu ya ubao, kingo zake zikiwa zimebanwa kwa utepe wa gundi, mpaka ikauke kivulini.