Jinsi ya Kusanifu Barabara ya Mtaa Ili Magari Yapunguze Mwendo

Dereva huitii barabara kuliko anavyokitii kibao cha mwendo. Ikinyooka na kuwa pana, atakanyaga mafuta tu, hata kibao kikisema kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo msanifu aamue kwanza mwendo anaoutaka, kisha aijenge barabara iendane nao. Palipo na shule au soko, mwendo huo usizidi kilomita 30 kwa saa, kama Azimio la Stockholm la 2020, la kimataifa kuhusu usalama barabarani, linavyohimiza. Kwa mwendo wa 50, gari husogea takriban mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva huitumia kabla ya kugusa breki. Kwa 30, ni mita 8 na kidogo.

Anza na upana. Mtaani, njia moja ya magari yenye upana wa mita 3 yatosha, na sentimita chache zaidi pale daladala zinapopita kwa wingi. Nafasi inayobaki wapewe waenda kwa miguu. Kona za makutano nazo zibanwe, ili anayekata kona alazimike kupunguza mwendo.

Matuta ndiyo hujengwa vibaya zaidi. Tuta fupi lenye mgongo mkali huumiza springi na migongo ya abiria bila kumfundisha dereva lolote, ilhali lile la mviringo, lenye kimo cha sentimita 10 na urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, hupitika vizuri kwa mwendo mdogo na humsumbua anayekimbia tu. Matuta yakiachana mno, dereva hufidia katikati muda alioupoteza, kwa hiyo umbali kati yake usizidi mita 100 hivi. Penye kivuko, jenga tuta bapa lililo sawa na njia ya miguu, lenye mistari ya pundamilia juu yake. Maji ya mvua yapitishiwe chini kwa bomba. Mwanya ukiachwa wazi pembeni, bodaboda wataugeuza njia yao, hivyo uzibwe kwa nguzo fupi.

Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend limetumia hatua nyepesi za namna hii kuzunguka shule za msingi, kupitia SARSAI, programu yake ya kukagua na kuboresha usalama wa barabara karibu na shule, iliyotunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka 2019.

Kazi ikiisha, pima mwendo wakati barabara iko tupu, si saa za foleni. Ikiwa zaidi ya magari 15 kati ya 100 bado yanazidi 30, rudi kwenye upana na matuta kabla ya kuongeza kibao kingine.