SOMO: Jiko la watu kumi, bumu likikata bado mnakula

Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiingia, wiki ya kwanza kila mtu ni chipsi kuku. Ikifika wiki ya sita watu wanapiga pasi ndefu: chai ya rangi saa nne, kisha kimya hadi usiku. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mtwara nilikuwa nalala mchana ili njaa ipite. Sasa tunapika kwa pamoja, mlo wa mchana tu, siku sita kwa wiki.

Hatua ya 1. Tafuta watu kumi mnaoaminiana. Anayeshika hela asiwe anayekwenda sokoni.

Hatua ya 2. Changeni siku ileile hela inapoingia, kesho yake hamtaiona. Sisi ni 25,000 kwa mwezi, ya miezi miwili kwa mkupuo. Asiye na mkopo analipa kidogo kidogo, au anachukua zamu zaidi za maji na vyombo. Hilo mlimalize mapema, chini kwa chini, asije akasimangwa mbele ya sahani.

Hatua ya 3. Nunueni vya huku. Mbaazi za kusini nyingi huenda India. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei huku ilianguka vibaya. Yaani sisi tunaishi shambani kwenyewe, halafu tunanunua maharage yaliyolipiwa nauli ya lori! Chukueni mbaazi za kutosha wakati wa mavuno, zianikeni, kisha ndoo yenye mfuniko unaobana. Mahindi yenye ukungu yatupeni kabla ya kusaga, sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Hatua ya 4. Kipimo cha watu kumi: unga kilo 2 na nusu, mbaazi kavu kilo 1, nazi 2. Loweka mbaazi usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa mengine. Nyanya zisubiri, ukiziwahisha mbaazi zinagoma kulainika na mkaa unateketea bure. Chukua punje moja uibonyeze kwa vidole viwili. Ikipondeka bila kiini kigumu, tia nyanya na kitunguu, halafu tui jepesi. Tui zito ni la mwisho, na hapo usibanduke jikoni: koroga taratibu, lisije likakatika.

MASWALI

Mkuu, niko Lindi, hosteli yetu imekataza mkaa. Tunafanyaje?
– Wako sahihi. Jiko la mkaa ndani ya chumba linaua, na hewa yake ya sumu haina harufu. Muoneni mama ntilie wa jirani, mpelekeeni unga na mbaazi zenu, mlipeni kazi yake na moto. Sisi tulianza hivyo.

Unga wa makopa, ule wa muhogo mkavu, si ndio nafuu zaidi?
– Ndiyo, ila ujue umetoka kwa nani. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Unatakiwa kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri. Aliyeharakisha kwa sababu ya njaa au soko anakuuzia hatari.

Mtu akichelewa kula kwa sababu ya kipindi?
– Sahani inafunikwa hadi saa kumi. Baada ya hapo ni halali ya mwenye zamu. Tuligombana sana hadi kufika hapo, acha tu.

Na ukoko ni wa nani?
– Wa anayeosha sufuria.