Somo: Kupanga protini, mafuta na wanga unapojenga misuli bila kuongeza kitambi

Kwa karibu mwaka mzima nilikula nyama, mayai na unga wa protini, nikaukimbia wali na mkate kwa sababu niliambiwa wanga huleta kitambi. Kitambi kweli hakikuja, lakini misuli nayo haikuja. Uzito niliouweka mabegani kuchuchumaa nao mwezi wa kwanza ulikuwa karibu uleule mwezi wa kumi, na kila nikifika seti ya tatu miguu ilikuwa inatetemeka. Protini nilikuwa nayo tele. Nilikuwa nakula pungufu ya ninachotumia, na kilichopungua zaidi ni wanga.

Naona kosa hilohilo kwa wengi wanaoanza kunyanyua vyuma, ndiyo maana naandika somo hili. Lina mpangilio ninaoomba uufuate kama ulivyo: kwanza jumla ya kalori, pili protini, tatu mafuta, na kinachobaki chote ni wanga. Usianze na asilimia. Mtu wa kalori 1,800 na mtu wa kalori 3,500 wakiambiwa wote wale "asilimia 30 protini", wa kwanza atakula gramu 135 na wa pili zaidi ya 260, hata kama kilo zao zinalingana.

Hatua ya 1: Jua unatumia kalori ngapi

Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, iliyotolewa mwaka 1990. Zidisha kilo zako kwa 10. Jumlisha urefu wako wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25. Toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Hizo ndizo kalori ambazo mwili ungetumia hata ukilala kutwa nzima.

Kisha zidisha kulingana na maisha yako: 1.2 kama unakaa tu, 1.375 kama una mazoezi siku chache kwa wiki, 1.55 kama unafanya mazoezi siku nyingi na unatembea sana, 1.725 kama unafanya mazoezi magumu karibu kila siku.

Tuchukue kijana wa miaka 28, kilo 70, sentimita 175. Anapata 700 + 1,094 − 140 + 5, yaani 1,659. Anashinda amekaa kazini na anakwenda jimu mara tatu kwa wiki. Mwenyewe angejipa 1.55, mimi nampa 1.375, kwa sababu saa tatu za vyuma haziwezi kufuta saa hamsini za kiti. Anafika karibu 2,280.

Haya ni makadirio, yanaweza kupishana na ukweli kwa mamia ya kalori. Mwenye subira afanye hivi: ale kama kawaida kwa wiki mbili, aandike kila kinachoingia mdomoni, ajipime kila asubuhi akitoka chooni kabla ya kula. Wastani wa uzito usipobadilika, wastani wa kalori alizoandika ndio matumizi yake halisi. Hakuna kikokotoo kitakachoshinda daftari hilo.

Hatua ya 2: Ongeza kidogo

Kalori 200 hadi 300 juu ya matumizi zinatosha. Misuli hukua polepole, na chakula kinachozidi uwezo wake wa kukua huhifadhiwa kama mafuta. Kijana wetu tumpe 2,500.

Uzito upande kwa asilimia 0.25 hadi 0.5 kwa wiki. Kwa kilo 70 hiyo ni gramu 175 hadi 350. Anayeanza anaweza kukaribia kiwango cha juu, mzoefu abaki chini.

Kama una mafuta mengi mwilini na ndiyo kwanza unaanza vyuma, ruka hatua hii. Kula kalori za matumizi yako au pungufu kidogo. Mwili wako una akiba na misuli itakua bila nyongeza.

Hatua ya 3: Protini

Gramu moja ina kalori 4. Mtu wa kawaida hushauriwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, lakini hicho ni kiwango cha kuzuia upungufu. Kwa anayejenga misuli, lenga kati ya 1.6 na 2.2. Faida huanza kufifia ukivuka 1.6 hivi, kwa hiyo napenda 1.8, ili siku ukipungukiwa kidogo usidhurike. Kijana wetu: gramu 126, sawa na kalori 504. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga, asitumie alio nao sasa.

Hapa watu huchanganya gramu za chakula na gramu za protini. Gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina protini gramu 31 hivi. Yai kubwa lina 6. Maziwa mililita 250 yana 8. Maharage yaliyopikwa gramu 100 yana karibu 9. Basi mayai matatu, kuku gramu 150, maharage gramu 200 na glasi mbili za maziwa vinampa kijana wetu karibu gramu 98. Zilizobaki 28 hazihitaji kopo la unga: mkate, wali, shayiri na karanga atakazokula siku hiyo zitazileta. Wengi husahau kuzihesabu.

Zigawe katika milo mitatu au minne, kila mlo gramu 25 hadi 40.

Hatua ya 4: Mafuta

Gramu moja ina kalori 9. Weka gramu 0.8 hadi 1 kwa kilo, na usishuke chini ya asilimia 20 ya kalori zako kwa muda mrefu. Homoni zinayahitaji, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijana wetu apate gramu 70, kalori 630.

Angalia mkono wako unapopika. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina gramu 14, karibu kalori 120. Ukimimina kwa macho na vikaingia vitatu, umemaliza nyongeza yote ya hatua ya 2 na ukavuka, bila kuongeza hata tonge moja.

Hatua ya 5: Wanga, yaani kilichobaki

2,500 toa 504, toa 630, inabaki 1,366. Gawanya kwa 4. Ni gramu 341, tuseme 340.

Najua namba hiyo inatisha. Nami ningeikataa wakati ule. Lakini fikiria kinachotokea ukiwa chini ya chuma. Seti ya marudio 6 hadi 12 inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli yenyewe. Akiba ikiwa ndogo, unanyanyua marudio 7 pale ulipoweza 10, wiki baada ya wiki. Misuli hukua kwa sababu imelazimishwa kubeba kuliko ilivyozoea. Protini ni malighafi tu, na malighafi haina kazi kama agizo la kujenga halijatolewa. Zaidi ya hayo, kalori zikipungua, sehemu ya protini uliyoila kwa taabu huishia kuchomwa kama nishati.

Ukirudisha wanga baada ya kuukimbia, uzito unaweza kuruka kilo moja au mbili ndani ya wiki ya kwanza. Usishtuke ukaacha. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Siyo kitambi hicho.

Kosa la kupima: mchele mbichi gramu 100 una wanga karibu 80, wali uliopikwa gramu 100 una 28. Ukipima wali gramu 300 ukausoma kama mchele, utaandika 240 wakati umekula 84, kisha utalalamika kwamba wanga haukusaidii. Chagua kupima kibichi au kilichopikwa, ubaki hapohapo.

Muda wa kula una umuhimu mdogo kuliko jumla ya siku, ila sehemu kubwa ya wanga ikiwekwa kwenye mlo wa saa mbili au tatu kabla ya mazoezi na ule wa baada yake, utasikia tofauti. Uwe na nyuzinyuzi gramu 14 kwa kila kalori 1,000.

Hatua ya 6: Subiri wiki tatu

Linganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba zilizotangulia. Usilinganishe asubuhi moja na nyingine. Pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. Uzito ukigoma, ongeza kalori 100 hadi 150 za wanga, yaani gramu 25 hadi 35. Kiuno kikinenepa haraka huku nguvu haziongezeki, punguza kiasi hicho hicho. Protini iache ilivyo. Na usibadilishe chakula na programu ya mazoezi wiki moja, hutajua kipi kimefanya nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, shukrani kwa darasa. Sina mizani ya chakula, nifanyeje?

Tumia mkono wako, kaka. Nyama au samaki wa ukubwa na unene wa kiganja bila vidole hutoa gramu 20 hadi 30 za protini. Ngumi moja ya wali ni sehemu moja ya wanga, kidole gumba ni sehemu moja ya mafuta. Mkono hautakupa gramu kamili, lakini haubadiliki, kwa hiyo ukiambiwa uongeze ngumi moja unajua umeongeza nini. Ukipata mizani ya kuazima hata kwa wiki mbili, itumie; jicho likishafundishwa halisahau upesi.

Mwalimu, mimi ni mwanamke, miaka 32, kilo 60, sentimita 162, jimu mara tatu. Naogopa nikila hivi nitakuwa na mwili wa kiume.

Dada yangu, testosteroni yako, yaani homoni ya kiume inayosaidia kukuza misuli, ni ndogo mara nyingi kuliko ya mwanamume. Mabega makubwa hayaji kwa bahati mbaya. Hesabu yako: 600 + 1,012 − 160 − 161 inatoa 1,291, ukizidisha kwa 1.375 ni karibu 1,775. Ongeza 200, upate 1,975. Protini gramu 108, mafuta gramu 55, wanga gramu 260 hivi. Tarajia uzito wako kupanda na kushuka kufuatana na siku za hedhi, kwa sababu ya maji. Kwa hiyo linganisha wiki moja na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, la sivyo utakata chakula bila sababu.

Sili nyama, samaki wala mayai. Maziwa pia situmii. Inawezekana?

Inawezekana, kwa kupanga zaidi. Weka protini gramu 2 kwa kilo, kwa kuwa ya mimea kwa ujumla haifyonzwi sawasawa na ya wanyama. Changanya nafaka na jamii ya kunde ndani ya siku moja: nafaka zina lisini kidogo, kunde zina methionini kidogo (zote mbili ni asidi amino, vijenzi vya protini), zinafichiana upungufu. Ugumu wako utakuwa mwingine. Maharage yanayokupa protini gramu 9 yanakuja na wanga zaidi ya gramu 20, hivyo wanga wako utajaa kabla protini haijatimia. Soya itakusaidia hapo, na kwako unga wa protini una maana kuliko kwa mtu anayekula kila kitu. Vitamini B12 tumia ya kidonge au ya chakula kilichoongezewa, hilo usilipuuze.

Nimeambiwa protini nyingi inaharibu figo.

Kwa mwenye figo nzima, viwango nilivyotaja havijaonekana kuziharibu. Kwa mwenye ugonjwa wa figo ni jambo jingine kabisa, protini huweza kuongeza mzigo. Ukiwa na kisukari, shinikizo la damu au historia ya figo kwenye familia, pima kwanza na umsikilize daktari wako, hata kama anapingana na somo hili.

Unga wa protini ni lazima?

Hapana. Ni chakula kilichokaushwa. Kreatini, kirutubisho cha kusaidia nguvu kwenye mazoezi, gramu 3 hadi 5 kwa siku ina ushahidi mzuri kuliko karibu kila kopo lingine, nayo pia si lazima.

Mkuu, nimefuata wiki tatu. Protini natimiza, uzito umegoma, lakini nimeshiba mpaka siwezi kuongeza chochote. Nakula sana mboga, dengu na nafaka zisizokobolewa.

Umejaza tumbo kabla ya kujaza kalori, kaka. Vyakula ulivyotaja ni vizuri, ila vina maji na nyuzinyuzi nyingi, na protini yenyewe inashibisha. Mlo mmoja kwa siku, ule wa baada ya mazoezi, badilisha nafaka zisizokobolewa kwa wali mweupe au viazi. Kalori za ziada zinywe: maziwa, ndizi na shayiri ukivisaga pamoja vinapita kirahisi kuliko sahani ya nne. Mboga kula mwisho wa mlo, usianze nazo. Kama protini imepita gramu 2 kwa kilo, irudishe 1.7 upate nafasi. Anza na kalori 150 tu, ujipime kila asubuhi, halafu baada ya wiki mbili niandikie wastani wa wiki zote mbili, kiuno, na uzito unaochuchumaa nao.